Kosa la Rubani, Tena



 Mwaka 2016 Tume ya Uchunguzi wa Ajali za Uchukuzi ya New Zealand ilizitia helikopta nyepesi za Robinson katika orodha ya mambo yaliyoitia wasiwasi mkubwa, kwa sababu tangu mwaka 1991 zilikuwa zimetokea huko ajali 14 ambamo rafadha iligonga mlingoti unaoishika, na roho 18 zikapotea. Kinachotukera sisi wa idhaa hii ni maneno matatu mafupi yanayotangulia kila uchunguzi na kusalia baada ya kila uchunguzi, ilhali mwenye kuambiwa hayuko tena duniani kuyajibu: kosa la rubani.

Natuseme kwanza chombo chenyewe ni chombo gani. Frank Robinson alipoianzisha kampuni yake huko California mwaka 1973, na R22 yake ya watu wawili ikaruka mara ya kwanza mwaka 1975, alikusudia kumpatia mtu helikopta ndogo ya kwendea shughuli zake. Wenye shule za urubani ndio walioifanya ya kufundishia, kwa kuwa bei yake ilichukulika, na wafugaji wa Australia wakaitumia kuswaga ng'ombe. R44 ya watu wanne ikafuata katika miaka ya tisini. Rafadha ya vyombo hivi ina mapanga mawili tu, nayo ni mepesi. Jahazi zito likishushwa tanga huendelea kukata maji kwa muda kwa uzito wake lenyewe, bali ngalawa husimama papo hapo. Na rafadha ya R22 ina tabia ya ngalawa, kwani injini ikizimika, rubani asipoushusha wenzo wa mkono wake wa kushoto katika muda wa kama sekunde moja, mzunguko hufifia hata usiweze kurudishwa tena.

Lakini balaa la New Zealand ni jingine, tena lina hila zaidi. Rubani aliyekuwa akipanda akiisukuma fimbo ya usukani mbele kwa ghafla, au upepo wa milimani ukikibwaga chombo chini, hutokea nukta ambayo uzito wote huondoka, abiria akajihisi anaelea kitini; hapo rafadha kubwa haina mzigo wa kubeba, ilhali rafadha ya mkia yaendelea kusukuma, na mwili wa helikopta ukaanza kubingirika upande wa kulia. Silika yote ya mwanadamu humwamrisha rubani aipeleke fimbo kushoto. Akiipeleka, mapanga huinama kupita kiasi, kitovu chake kikagonga mlingoti, na mlingoti ukakatika au panga likapasua chumba alimoketi. Dawa ni kuirudisha fimbo nyuma taratibu kwanza, mpaka mapanga yaubebe tena mzigo, ndipo ainyooshe helikopta. Mbele ya macho yake pamebandikwa ilani ya kiwanda inayokataza kuisukuma fimbo namna hiyo. Upepo haukubandikiwa ilani.

Marubani wenyewe hawana kauli moja, na sisi hatuthubutu kuwakadhibisha hawa wala wale. Wako waliomaliza maelfu ya saa katika R44 wasiokubali hata kidogo itukanwe: injini yake ya Lycoming haina ukaidi, matengenezo yake hayamfilisi mtu, na usukani wake ni mwepesi hata vidole viwili vyatosha kuuongoza; kwao wao, anayekufa humo ni yule aliyekwenda mbio mno katika upepo asioustahimili. Wako wengine ambao wepesi huo huo wa usukani ndio unaowatia hofu, wakisema kwamba chombo kinachomwadhibu mtu kwa taksiri ya nusu sekunde si chombo cha kumkabidhi mwanafunzi. Ajabu ni kwamba pande zote mbili huanza hoja yao kwa sifa ile ile moja.

Nani basi atakata shauri? Hakuna, maadamu nyingi za helikopta hizi zimekuwa zikiruka bila kinasa cha safari cha aina yoyote. Ndege kubwa ikianguka, dunia nzima husubiri kisanduku chake cheusi kiokotwe. Helikopta ndogo ikianguka, mchunguzi huokota vipande vya panga na alama ya mgongano juu ya mlingoti, akajua namna chombo kilivyovunjika, asijue kwa nini, na pale ujuzi wake unapokoma ndipo mtu mwingine anapochomeka yale maneno matatu. Kosa la rubani! Ushahidi uko wapi? Hakuna kinasa.

Mara moja ulikuwako ushahidi, tena kwa bahati tu. Mwaka 1992, huko Richmond, California, mwanafunzi mmoja wa urubani aliingia katika R22 na kinasa sauti kidogo cha kaseti, apate kuyasikiliza tena masomo yake. Kaseti hiyo iliokotwa. Ndani yake mwalimu anazungumza kwa utulivu, somo linakwenda kama masomo yote yanavyokwenda, hakuna mabishano wala hofu, kisha neno linakatika mdomoni mwa mwalimu na kelele kama ya upepo inaingia. Wachunguzi wa Marekani hawakuweza kuitaja sababu, lakini walau hawakuweza kusema watu wale walikuwa wakicheza. Kaseti ya mwanafunzi ilifanya kazi ambayo hakuna sheria iliyoiagiza ifanywe.

Na ajali za namna ile zilipozidi, Mamlaka ya Anga ya Marekani mwaka 1995 ikatoa masharti maalumu, kwamba mwanafunzi asiruke peke yake katika R22 kabla ya saa 20 za kufundishwa ndani yake, na kwamba kila rubani wa vyombo hivi apewe mafunzo mahsusi ya hatari zake. Tukiri haki: ajali hizo zilipungua huko. Lakini tazameni, dawa yote alinyweshwa rubani. Tena chombo nacho si bila lawama: R44 zilikuwa zikiwaka moto zikianguka, watu wakateketea katika ajali ambazo huenda wangetoka wakichechemea, hata Australia mwaka 2013 ikalazimisha matangi yake ya petroli yatiwe mifuko ya mpira isiyopasuka upesi. Je, tangi lile nalo lilikuwa kosa la rubani?

Mtatuuliza New Zealand inatuhusu nini. Inatuhusu, kwa sababu vyombo hivi hivi viko juu ya vichwa vyetu. Vinavuka kingo za Bonde la Ufa alasiri, wakati hewa inapochemka, vikipeleka watalii. Na Kenya inapoingia katika uchaguzi, sote twajua mheshimiwa anavyopenda kushuka kutoka mbinguni katikati ya kiwanja cha shule, vumbi likitimka, naye amechelewa mikutano miwili na angali anataka wa tatu kabla jua halijatua. Rubani kijana akimwambia upepo si mzuri, atajibiwa kwamba wako marubani wengine. Likitokea la kutokea, nani atabebeshwa lawama?

Na uchunguzi ukifanywa usifichwe. Mkataba wa Chicago wa usafiri wa anga wa kimataifa, katika Kiambatisho chake cha 13, unataka ripoti ya ajali itolewe, ikiwezekana, katika miezi 12, na isipowezekana itolewe taarifa kila mwaka siku ya ajali inaporejea. Nasi twataka ripoti hizo zisomwe hadharani, hata za ndege ndogo, hata za marehemu wasio na jina kubwa.

Tume ya New Zealand ilipendekeza kamera au kinasa ndani ya helikopta hizi. Kamera siku hizi imo katika simu ya mwanafunzi wa sekondari; hatutaki kuambiwa ni ghali. Enyi wakuu wa usafiri wa anga, Nairobi na Dar es Salaam, wekeni sharti hilo sasa, kabla ya kampeni ijayo, si baada ya mazishi! Enyi wenye helikopta, fungeni kinasa bila kungoja sheria! Enyi marubani, semeni upepo ni mbaya na mshuke, mheshimiwa na akasirike! Nanyi waheshimiwa mnaokodi, kabla ya kufunga mkanda mwulizeni mwenye chombo kinasa kiko wapi, na asipokuwa na jibu tokeni mwende kwa gari. Na mbunge wa kwanza atakayesimama kuipeleka hoja ya vinasa Bungeni, aje hapa studioni. Saa hii ya maoni tutamwachia yeye yote.