Somo la Redio: Herufi Zinapobadilika Ukutani

Mwenye daftari alifungue, na mwenye kalamu aishike.

Katika somo lililopita tulijifunza kutengeneza kurasa za kuonyesha kwa kompyuta, ziitwazo slaidi. Leo tutajifunza kwa nini herufi za slaidi huharibika zikifunguliwa mahali pengine, na dawa yake ni nini.

Tuchukue mfano. Tuseme Bibi mmoja wa Kisarawe ni mkulima wa mikorosho. Wenziwe wamemtuma Kibaha akafundishe namna ya kupiga salfa ili kuzuia ubwiriunga. Nyumbani slaidi yake ilikuwa safi. Mstari wa mwisho ulisema: "Ziba pua na mdomo unapopiga dawa." Alipofika Kibaha, akatia flashi yake katika kompyuta ya ukumbi. Lo! Herufi zimekuwa nene, mistari imesukumana, na ule mstari wa mwisho umeanguka nje ya ukurasa. Hakuna aliyeusoma. Mnaona, ndugu zangu, hasara hapa si ya urembo tu. Mtu aweza kuumia kifua kwa kukosa mstari mmoja.

Je, ni nani aliyebadilisha herufi? Si mtu. Sikilizeni. Kila namna ya herufi ina jina lake, nayo huitwa fonti. Fonti hukaa ndani ya kompyuta. Kwa kawaida slaidi haisafiri na fonti. Husafiri na jina lake tu. Ni kama kumwagiza mwashi ajenge kwa matofali ya namna fulani. Akiyakosa, hutumia aliyo nayo. Yakiwa makubwa zaidi, ukuta hupita kiwanja.

Jambo hili hutokea mara nyingi pale kompyuta mpya na ya zamani zinapokutana. Tangu mwaka 2007 programu ya PowerPoint ilitumia fonti ya Calibri. Mwaka 2023 kampuni ya Microsoft ilitangaza fonti mpya, Aptos, ichukue mahali pake. Kompyuta ya zamani yaweza kuwa haina Aptos.

Mara nyingine huonekana kisanduku kitupu badala ya herufi. Hiyo ni dalili kwamba fonti iliyopo haina herufi ile.

Sasa andikeni mambo manne.

Kwanza, tumieni fonti zilizoenea, kama Arial au Times New Roman. Fonti za mapambo ziacheni kwa kadi za harusi.

Pili, kabla ya kuhifadhi kazi yenu, ingieni katika machaguo ya kuhifadhi, mtie alama mahali pa kuambatisha fonti. Hapo slaidi itasafiri na herufi zake. Lakini fonti nyingine haziruhusiwi na wenyewe kuambatishwa.

Tatu, tengenezeni nakala ya PDF. Nakala hiyo hushika sura ya ukurasa kama ilivyo. Haitachezesha picha, lakini maneno yatasomeka.

Nne, fikeni mapema. Fungueni kila slaidi, msome mpaka mstari wa mwisho.

Na kama mambo yamekwisha kuharibika? Msihangaike na neno moja moja. Katika PowerPoint ipo amri ya kubadili fonti moja kwa nyingine katika slaidi zote kwa mara moja. Chagueni fonti iliyomo katika kompyuta ile. Kisha punguzeni ukubwa wa herufi hadi mistari yote irudi ndani.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mstari wa Bibi yule ulianguka?
2. Kisanduku kitupu chaonyesha nini?
3. Ungebeba nakala gani ya akiba, na kwa nini?

Asiyeelewa amwulize jirani yake. Kuuliza si ujinga. Kwaherini, mpaka somo lijalo.