Deni la Majina: Kumbukumbu za Wanajeshi wa Kisii na Nyamira

Kandokando ya Barabara ya Kenyatta, Nairobi, zimesimama tangu mwaka 1928 sanamu za shaba za askari na mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi yaliyo chini yake, yakiwemo ya Kiswahili na Kiarabu, yanamwahidi aliyepigana kwamba hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halimo. Hakuna hata moja. Hoja yangu jioni hii yaanzia kwenye pengo hilo. Tunachodaiwa na waliofia vitani ni majina yao, na mahali pa kulipia deni hilo ni nyumbani kwao, kata kwa kata, katika kaunti za Kisii na Nyamira.

Kwa Abagusii, wenyeji wa kaunti hizi, marehemu huzikwa katika boma lake, na jina lake hurudi kwa mtoto anayezaliwa baadaye. Aliyefia ugenini bila kaburi amekosa nusu ya heshima hiyo. Jina ndilo lililobaki. Vita vilifika Gusii mapema. Mnamo Septemba 12, 1914 Wajerumani na jeshi la Waingereza la King's African Rifles walipigana mjini Kisii penyewe, na wenyeji waliopora mji uliokuwa umeachwa wakaadhibiwa vikali. Mwaka 1915 sheria iliruhusu wanaume kulazimishwa kuwa wapagazi, na mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Nyanza, akasimamia msako mkubwa wa kuwapata. Malaria, kuhara na njaa viliwaua wapagazi kwa wingi kuliko risasi. Kikosi chao, Carrier Corps, kimeacha jina katika Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam, ila mmoja mmoja wao wamefutika. Si kwa bahati mbaya. Mwaka 1923 Guggisberg, gavana wa Gold Coast, alidai kwamba mwenyeji wa kawaida wa huko hangeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: tutamheshimuje aliyemtumikia mkoloni, katika nchi ambayo Otenyo, shujaa wa Abagusii, alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, mwaka 1908, na askari wa King's African Rifles wakaja kuchoma nyumba na kuswaga ng'ombe? Uchungu huo ni wa haki. Lakini mpagazi aliyekamatwa na kutwikwa mzigo hakuvichagua vita vile, na familia iliyomngoja ilikuwa familia ileile iliyonyang'anywa mifugo. Kuandika jina lake hakuisifu dola. Kunaushtaki ukatili wake. Otenyo naye astahili jiwe lake. Kumbukumbu mbili zinaweza kukaa katika mji mmoja bila kugombana.

Wengine watasema majina yamepotea. Mengi, ndiyo. Hata hivyo, Januari 2025 kumbukumbu ilizinduliwa Cape Town yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini wa vikosi vya kazi, yaliyofukuliwa kwenye hati za zamani. Hapa kwetu tuna hazina ya ziada: mtoto aliyeitwa kwa jina la babu asiyerudi, na wazee wa ukoo wanaojua kwa nini aliitwa hivyo. Wasiojulikana waachiwe nafasi tupu kwenye jiwe, ionekane.

Katiba ya 2010 imezipa kaunti mamlaka juu ya makaburi na shughuli za utamaduni, kwa hiyo hatuhitaji kuingoja Nairobi. Wala jiwe hatuna haja ya kuagiza: Tabaka wapo wachongaji wa jiwe la sabuni. Anayeliogopa kwa ulaini wake akumbuke kuwa sanamu ya Kristo iliyo Rio de Janeiro imevikwa vigae vya jiwe la aina hiyo, nayo imestahimili mvua tangu 1931. Orodha isiishie 1918. Iendelee hadi Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944, kisha ifike El Adde, Somalia, ambako kambi ya wanajeshi wa Kenya ilishambuliwa Januari 15, 2016. Wajane wa El Adde bado wako hai. Kwao uchongaji uanze sasa, wakiwa wanaweza kusimama mbele ya jiwe na kusema kama jina limeandikwa sawasawa.