Maskini si Wageni Kanisani
(Hotuba kwa waamini na walimu, siku ya Jubilei)



Ndugu wapenzi, siku ya Jubilei twahesabu mengi: makanisa, shule, zahanati, na wingi wa waliobatizwa. Si vibaya, kwa maana kumshukuru Mwenyezi Mungu ni wajibu wetu. Lakini nyumba haisimami kwa paa. Husimama kwa msingi. Basi tuulizane: msingi wa Kanisa katika pwani yetu ni watu gani?

Mwaka 1860 Padre Armand Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na mapadre na masista wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa Réunion mwaka 1849, mara baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani mwaka 1848, nalo liliwapokea hata wanawake waliotoka utumwani. Masista hao walikuja kuwauguza wagonjwa katika mji ambao soko lake la watumwa halikufungwa hata mwaka 1873.

Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipokea kazi hiyo, na mwaka 1868, chini ya Padre Antoine Horner, wakaanzisha misioni ya Bagamoyo. Huko watoto waliokombolewa walilishwa, wakafundishwa dini, kusoma, kilimo na ufundi. Nao walipokua walioana, wakakaa katika kijiji cha Wakristu. Tena misioni ya Mhonda ilipofunguliwa mwaka 1877, mapadre hawakwenda peke yao: watu wa kijiji kile walikwenda pamoja nao.

Fikirini jambo hilo. Wazee wetu katika imani hawakuwa matajiri wala wakubwa. Walikuwa watu waliouzwa sokoni, wasio na ukoo wa kuwatetea. Basi maskini si mgeni abishaye hodi mlangoni mwa Kanisa. Yeye ni mwenyeji, na sisi tumemkuta humo.

Lakini tuseme kweli. Kumkomboa mtu kwa fedha ni kazi ya siku moja. Kumheshimu ni kazi ya maisha yote. Bagamoyo kwenyewe sheria zilikuwa kali, na wako waliotoroka. Hatuwahukumu waliotangulia, waliojitoa sana. Twajifunza tu kwamba apewaye chakula asipewe sikio, amehudumiwa nusu.

Na sisi je? Mtume Yakobo aliwakaripia Wakristu waliompa tajiri kiti chema na kumweka maskini kando. Michango ya kanisa isomwapo, majina ya watoao vingi hutajwa kwa sauti, na mjane aliyetoa kidogo huinamisha kichwa; Jumapili ifuatayo haonekani Misani. Nanyi walimu, mtoto asiye na sare asimamishwapo mbele ya wenzake, hujifunza somo ambalo hamkukusudia kulifundisha. Wahenga walisema, kutoa ni moyo, si utajiri. Nasi twaongeza: kupokea nako kuna heshima yake, na mlinzi wa heshima hiyo ni yule atoaye.

Kwa hiyo, kabla Jubilei haijaisha, kila jumuiya imtafute mtu mmoja aliyeacha kuja kanisani kwa aibu ya umaskini. Tumwendee, wala si kwa kibaba cha unga tu. Tuketi naye, tumwite kwa jina lake, tumsikilize, tumtake shauri juu ya mambo ya parokia. Tukishindwa kuketi naye mkekani pake, imani yetu bado iko midomoni.

Siku ya hukumu Bwana Wetu hatatuuliza hesabu ya matofali. Atatuuliza habari za wenye njaa na kiu, za walio uchi, za wagonjwa na wafungwa, kwa kuwa ndani yao alikuwamo Yeye mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kumtambua, na Bikira Maria, Mama wa maskini, atuombee. Amina.