Faini za Notting Hill



Wapo waliotuuliza kwa nini Kamati ipige ngoma wakati vijana wetu wangali na ugomvi. Tulipekua historia, tukakuta habari za watu wa Karibi walioingia Uingereza kwa meli ya Empire Windrush, Juni 1948. Zaidi ya 200 kati yao walilazwa kwanza chini ya ardhi, katika handaki la wakati wa vita huko Clapham South, London. Kisheria walikuwa raia. Hata hivyo wenye nyumba wengi waliwakatalia vyumba. Mwishoni mwa Agosti 1958 makundi ya vijana wa Kizungu yakawavamia mtaani Notting Hill, siku kadhaa mfululizo.

Claudia Jones, mzaliwa wa Trinidad ambaye mwenyewe alifukuzwa Marekani mwaka 1955, alikuwa na gazeti dogo. Tarehe 30 Januari 1959 gazeti hilo liliandaa karnivali, ndani ya ukumbi maana nje ni baridi kali. Kijitabu cha sherehe kiliuzwa, na sehemu ya fedha ikatengwa kusaidia kulipa faini za vijana wa fujo zile, weusi na weupe.

Weupe pia, ndugu! Hapo sisi wanakamati tulibishana hadi usiku.

Leo kikapu cha mchango kitapita, kwa ajili ya vijana wa pande zote mbili.