Mpiga Solo na Wenzake: Tutahini Vipi Uzamili wa Upigaji wa Ala?

Mtu anayesomea shahada ya uzamili ya upigaji wa ala, akabobea katika gitaa, zeze au kinanda, apimwe vipi ili tuseme kweli amefuzu? Jibu lililozoeleka katika vyuo vingi vya muziki ni kwamba apande jukwaani peke yake, au na mpiga piano wa kumsindikiza, apige kazi za watunzi kadhaa, kisha awasilishe maandishi. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo halitutoshi. Mpiga solo wa hapa kwetu apimwe akiwa kati ya wenzake wanaomjibu, na anachokipiga kihesabiwe kuwa ndio utafiti wenyewe, maandishi yaje kuufafanua.

Utaratibu wa mpigaji kukaa peke yake mbele ya hadhira iliyonyamaza una historia, tena si ndefu. Mpiga piano Franz Liszt ni miongoni mwa walioupa nguvu, hasa kwa maonyesho yake ya London mwaka 1840. Ulifaa muziki ulioandikwa wote kwa nota, ambamo kila jambo la lazima limo katika mikono miwili ya mpiga piano. Muziki wetu wa dansi haukujengwa hivyo. Wimbo wa bendi ya Msondo au ya Sikinde huanza taratibu, waimbaji wakisimulia kisa, gitaa la solo likijaza nafasi wanazoziacha. Kisha unafika kwenye chemko: mwendo unabadilika, na sasa solo, rithimu na besi kila moja inashika kipande kifupi na kukirudia. Hapo ndipo ustadi hujulikana. Mpiga solo hugeuza kipande chake kidogo kidogo, husikiliza tumba, huwapisha wapuliza tarumbeta, huwatazama wachezaji waliojaa ukumbini na kuamua kama abaki alipo au asonge mbele. Mchukue mpiga solo Said Mabera, ambaye mashabiki wa Msondo walimwita Dokta, umweke peke yake katika chumba cha mtihani: utapata vipande vya gitaa visivyo na la kujibu. Sehemu kubwa ya elimu ya mpigaji wa aina hiyo ni kujua lini asipige, na ukimya haupimiki pale ambapo hakuna mwingine anayepiga.

Wapo watakaosema kwamba basi huyo ni mwanabendi tu, na shahada ya mpigaji binafsi haimhusu. Pingamizi hili linachanganya kuwa mbele na kuwa peke yako. Mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe alikuwa mbele. Tangu siku za Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka mwaka 1970, na baadaye katika Super Volcano hadi kifo chake mwaka 1979, msikilizaji aliweza kulitambua gitaa lake kabla sauti ya kuimba haijaingia. Ubinafsi huo wa kisanii ulisikika kwa sababu rithimu na besi vilimpa cha kuegemea na cha kukiuka.

Hata pale mpigaji anapoweza kukaa peke yake, kipimo cha kuazima hupotosha. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefanya makao yake Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, aliushika ukumbi mzima kwa ilimba, ala ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na sauti yake. Ilimba ya Kigogo hailingani na mpangilio wa piano; sauti zake hufuata zile zinazozaliwa kiasili juu ya sauti moja ya msingi, ndiyo maana ala na mwimbaji husikika kama wametoka koo moja. Mtahini mwenye sikio la piano ataiona imekosewa. Tena Zawose alizitengeneza ala zake mwenyewe. Kwa maoni yangu, mwanafunzi wa ilimba asiyeweza kuichonga na kuilinganisha hajafikia uzamili, na kazi hiyo ya mikono ipewe alama zake.

Pingamizi zito zaidi ni la kipimo: bila nota, jopo litajuaje kilichokosewa? Kupima bila kutegemea nota pekee si jambo geni: Chuo cha Muziki cha Sibelius, Helsinki, kilianza kufundisha muziki wa jadi mwaka 1983, na huko udaktari wa kisanii hupatikana kwa mfululizo wa maonyesho pamoja na maandishi. Kwetu ningependa mtahiniwa apige wimbo uleule mara mbili, na bendi mbili tofauti, mara moja katika ukumbi wa Chang'ombe na mara ya pili Kinondoni. Zote mbili zirekodiwe, kisha aulizwe: kwa nini hapa uligeuza, kwa nini pale ulingoja? Tofauti kati ya usiku ule na huu ndiyo itakayotenganisha aliyekariri na aliyeelewa. Na katika jopo akae mkongwe wa bendi mwenye kura kamili, hata kama hana cheti. Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, alimfundisha upigaji wa marimba ya amadinda Gerhard Kubik, ambaye baadaye alisifika duniani kwa utafiti wa muziki wa Afrika. Ujuzi haukungoja shahada.

Hofu nyingine ni kwamba chuo kikiingia, muziki utaganda. Hofu hii ina msingi. Mchiriku ulijengwa kwa vinanda vidogo vya Casio na vipaza sauti vinavyokwaruza, singeli ikafuata kutoka uswahilini kwa kasi ambayo hakuna mtaala ulioiagiza. Kwa hiyo mtaala usiwe orodha ya nyimbo za kukariri. Utaje uwezo unaotakiwa, na umruhusu mpiga kinanda wa Mbagala auonyeshe kwa ala yake, kwaruzo zikiwemo.

Kinachobaki ni kusikia. Bendi nyingi zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kanda hizo ziko TBC, shirika la utangazaji la taifa. Kabla hatujaandika mtaala wowote, tukubaliane na shirika hilo ili mwanafunzi wa gitaa apewe meza, spika za kusikilizia na ruhusa ya kurudia solo moja mpaka ajue vidole vilikuwa wapi.