Nyaya Juu ya Vijiji



Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba mikopo hutumika zaidi mijini, lakini hulipwa zaidi kwa jasho la mkulima. Mtambo wa Kidatu, katika Mto Ruaha Mkuu, ulipoanza kazi mwaka 1975, nyaya zilielekea Dar es Salaam, zikipita juu ya vijiji vilivyobaki gizani. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, yaani miaka 32 baadaye!

Leo nguzo zimefika karibu kila kijiji, na kazi hiyo twaisifu. Lakini nguzo barabarani si taa nyumbani. Kiongozi anaposoma hesabu ya vijiji “vilivyofikiwa”, na aulizwe: mama ajifunguaye usiku katika zahanati amulikiwa na nini?