Ngano kwa Nguruwe Wanaokua: Tununue Nishati, Si Gunia



1. Utangulizi

Zaidi ya nusu ya gharama za kufuga nguruwe huishia kwenye chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho ni nafaka ya kumpa mnyama nishati. Kwetu nafaka hiyo ni mahindi. Magharibi ya Kanada, Ufaransa na Australia, ngano ni miongoni mwa nafaka kuu za nguruwe.

Sisemi tuiondoe ngano mezani. Kenya na Tanzania bado zinaagiza ngano kutoka nje, na ngano nzuri ni ya mkate na chapati. Lakini mvua ikinyesha wakati wa mavuno kule Narok, Uasin Gishu, Hanang au Karatu, zipo punje huota, na hizo, pamoja na zilizosinyaa, wenye vinu vya unga huzikataa. Pumba za ngano nazo zinauzwa mwaka mzima. Je, vitu hivi vina thamani gani kwa nguruwe anayekua?

2. Nishati inavyopungua njiani

Tufuate kilo moja ya ngano ngumu. Ukiichoma yote maabarani, utapata takribani kilokalori 3,800. Nguruwe akiila, sehemu hutoka na kinyesi. Zinabaki kama 3,310. Mkojo na gesi huchukua nyingine. Zinabaki kama 3,215. Kisha mwili wenyewe hutoa joto unapoushughulikia mlo huo. Zinazobaki kwa ajili ya kuishi na kujenga nyama ni takribani 2,470. Hiyo ndiyo nishati halisi.

Mwaka 1994 Jean Noblet na wenzake nchini Ufaransa walichapisha milinganyo ya kukadiria nishati hiyo, na kazi yao ilionyesha jambo moja muhimu: mafuta na wanga hupoteza joto kidogo, ilhali protini na nyuzi hupoteza joto jingi. Ndiyo maana ngano, yenye protini nyingi na mafuta machache kuliko mahindi, hufikia asilimia 96 ya mahindi tukiondoa kinachopotea kwenye kinyesi peke yake, lakini hushuka hadi karibu asilimia 92 tukipima nishati halisi.

3. Hesabu ya sokoni

Nishati halisi ya mahindi ni takribani kilokalori 2,670 kwa kilo. Ya pumba za ngano ni kama 1,600. Tuseme, kwa mfano, mahindi na ngano vinauzwa shilingi 800 kwa kilo, na pumba shilingi 560. Kila kilokalori 1,000 za mahindi zitakugharimu shilingi 300, za ngano 324, na za pumba 350. Zile pumba zilizoonekana rahisi ndizo zilizokuwa ghali kwa nishati. Mfugaji anayejaza hori kwa pumba tupu hushangaa nguruwe wake kuchelewa kufikia uzito wa soko, kumbe tumbo limejaa kabla mwili haujatosheka.

4. Kile ambacho nishati haikisemi

Ngano ina mengine ya kuongeza. Protini yake huwa kati ya asilimia 10 na 15, wakati ya mahindi ni kama 8. Laisini, ambayo nguruwe huihitaji sana kujenga misuli, ni takribani asilimia 0.39 kwenye ngano na 0.25 kwenye mahindi. Hivyo unaweza kupunguza kidogo soya au dagaa. Hata hivyo, nguruwe wa kilo 25 hadi 50 huhitaji karibu asilimia 1 ya laisini, kwa hiyo ngano peke yake haimtoshi. Fosforasi ya ngano nayo humeng'enywa vizuri kuliko ya mahindi, kwa sababu punje ina kimeng'enya chake cha fitasi.

5. Tahadhari

Ngano isisagwe ikawa unga laini. Unga hunata mdomoni, hupunguza ulaji na huchangia vidonda vya tumbo. Ivunjwevunjwe tu, kila punje ipasuke.

Punje zilizoota, zikikaushwa mapema, hubaki na karibu nishati yake yote. Zilizoota kuvu ni habari nyingine: sumukuvu humfanya nguruwe akatae chakula au atapike. Usizilishe.

Punje zilizosinyaa zina wanga kidogo na nyuzi nyingi. Pima debe la ngano safi na debe la ulizonazo. Jepesi lilipwe bei nyepesi.

6. Mapendekezo

Kwanza, maafisa ugani tuwafundishe wafugaji kugawanya bei kwa nishati halisi kabla ya kununua. Pili, ngano iliyokataliwa na kinu lakini isiyo na kuvu ichukue nafasi ya sehemu ya mahindi, ikianza kidogo kidogo, huku laisini ikikamilishwa kwa soya au dagaa. Tatu, pumba nyingi wapewe majike wakubwa wenye mimba, maana utumbo wao humeng'enya nyuzi vizuri zaidi. Wanaokua wapewe kwa kiasi.

Ndugu zangu, gunia lina uzito, lakini uzito si lishe. Kabla ya kutoa fedha sokoni, uliza: katika kilo hii, nguruwe wangu atabaki na nini?